Kufumua na Kusuka: Istilahi za Filamu na Manung'uniko ya Wapenzi wa Superman

Tarehe 11 Julai 2025 ilianza kuonyeshwa nchini Marekani filamu iitwayo Superman, iliyoandikwa na kuongozwa na James Gunn, naye David Corenswet akishika nafasi ya shujaa mwenyewe. Ugomvi juu ya filamu hiyo haukuingoja siku hiyo. Ulikuwa umekwisha kupamba moto kwa miaka miwili na zaidi, tangu kabla ya picha hata moja kupigwa, na filamu ilipoonyeshwa ugomvi haukupoa bali uligeuka sura. Habari za mabishano kama hayo zinapoelezwa kwa Kiswahili, kwa kawaida huelezwa kwa maneno machache sana: kwamba imetoka filamu mpya ya Superman, na kwamba mashabiki wengine wameipenda na wengine wameikataa. Msomaji anayepewa habari ya namna hiyo ana haki ya kujiuliza watu wazima wenye akili zao timamu wanagombania nini hasa.

Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba wanagombania jambo lenye maana, na kwamba maana yenyewe haionekani kwa sababu istilahi zetu za filamu bado zinayachanganya mambo ambayo wapenzi hao wanayatenganisha kwa makini. Hatuandiki ili kuwatetea. Baadhi ya madai yao tutayapinga. Lakini mhakiki hawezi kulipinga dai ambalo hana neno la kulitajia.

Yafaa kwanza tuutaje mlolongo wa filamu zenyewe. Superman alizaliwa katika gazeti la vibonzo liitwalo Action Comics, toleo la kwanza, lenye tarehe ya Juni 1938, kazi ya vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Kati ya filamu zake, ile inayokumbukwa kuwa kipimo cha nyingine ni ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Richard Donner, ambamo mchezaji mkuu alikuwa Christopher Reeve. Zilifuata tatu, za mwaka 1980, 1983 na 1987, naye Reeve akiwa yuleyule. Mwaka 2006 ilitoka Superman Returns ya Bryan Singer, ambayo iliushika uzi wa zile mbili za mwanzo na kuziacha mbili za mwisho kana kwamba hazikupata kutokea. Mwaka 2013 ikaja Man of Steel ya Zack Snyder, pamoja na mchezaji mpya, Henry Cavill. Hii haikuushika uzi wa yoyote. Ilianza tangu kuzaliwa kwa mtoto na kuangamia kwa sayari yake, na filamu za mwaka 2016 na 2017 zikaendelea pale ilipoishia. Ile ya mwaka 2025 nayo imeziacha hizo zote.

Msomaji ataona kwamba tumezitaja filamu nane na zaidi, na karibu zote zilipotoka ziliitwa "mpya". Lakini ya 1980 ni mpya kwa namna moja, ya 2006 kwa namna nyingine, na ya 2013 na ya 2025 kwa namna ya tatu. Kwa namna ya kwanza lugha yetu haina shida: filamu inayoendeleza kisa cha iliyotangulia ni mwendelezo, na neno hilo limekwisha kuzoeleka. Shida ipo katika namna hii ya tatu, yaani kitendo cha kuziacha filamu zilizotangulia na kuanza kumsimulia shujaa yuleyule kana kwamba hajapata kusimuliwa. Kitendo hiki kimekuwa desturi kubwa ya biashara ya filamu huko Marekani, nasi tutaendelea kukutana nacho tupende tusipende.

Maneno yanayopendekezwa mara kwa mara ni manne, na kila moja lina kasoro yake.

Wapo wasemao "marudio". Neno hili limekwisha kupata kazi nyingine tangu zamani za redio: marudio ya kipindi ni kipindi kilekile kinacholetwa tena kwa ajili ya aliyekikosa. Anayesoma kwamba Julai 2025 kulikuwa na marudio ya Superman atadhani kwamba Reeve alirudishwa kwenye majumba ya sinema. Wapo wasemao "kuanza upya", nayo si makosa, ila ni pana mno; hata mwanafunzi aliyechafua karatasi yake ya mtihani huanza upya. Haielezi kwamba yapo mambo yanayobaki na yapo yanayotupwa.

"Kuwasha upya" ni tafsiri ya moja kwa moja, kwa kuwa Waingereza wameliazima neno lao kutoka katika mambo ya kompyuta. Mfasiri mwenye kamusi ya kompyuta mkononi ataona amemaliza kazi. Lakini hebu tutazame kinachotokea. Kompyuta iliyokwama huzimwa na kuwashwa ili irudi kama ilivyokuwa. Majalada yote aliyoyahifadhi mwenyewe atayakuta mahali pake. Katika filamu za namna tunayoisema mambo ni kinyume kabisa: kilichohifadhiwa ndicho kinachofutwa. Mfano ulioazimwa unapotosha hata katika lugha ulikotoka, nasi hatuna sababu ya kuazima upotofu.

La nne ni "kufufua". Hili linavutia, na waandishi wa magazeti wanalipenda kwa sababu lina mshindo. Lakini aliyefufuka ni yuleyule aliyekufa. Zaidi ya hayo, kwa Superman neno hili linaleta mkanganyiko usiovumilika, kwani katika filamu ya mwaka 2016 shujaa huyu aliuawa na kuzikwa, na katika ile ya 2017 alifufuliwa kwelikweli na wenzake. Tukiandika kwamba Superman alifufuliwa mwaka 2017 tutakuwa tunasimulia kisa. Tukiandika kwamba alifufuliwa mwaka 2025 tutakuwa tunasimulia uamuzi wa studio. Neno moja haliwezi kubeba yote mawili katika aya moja.

Sisi twapendekeza "kusuka upya", na kwa jina, "msuko mpya". Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba neno msuko limekwisha kuingia katika uhakiki wa fasihi, ambamo msuko wa matukio ni ule mpangilio unaofanya kisa kiwe kisa. Kwa hiyo hatuanzishi jipya bali tunapanua lililopo. Ya pili ni kwamba watu wetu wanalitumia tayari kwa maana iliyo karibu sana na hii: timu ya mpira husukwa upya, na hata baraza la mawaziri husukwa upya, na msikilizaji huelewa papo hapo kwamba jina ni lilelile, wengine wamebaki, wengine wameondoka, na mpangilio si ule. Msichana aliyesukwa upya kichwa chake ni kilekile na nywele ni zilezile. Mistari ndiyo mingine.

Lakini faida kubwa ya neno hili hatukuiona mpaka tulipoyapima manung'uniko ya wapenzi wa Superman kwa neno hilo. Hakuna anayesuka upya bila kufumua kwanza. Kufumua ni kitendo kingine, kina maumivu yake, na aghalabu anayelia chini ya mkono wa msusi halilii suka linalokuja bali linalofumuliwa. Tukiwa na vitenzi hivi viwili, makundi mawili ya walalamikaji ambayo habari zetu huyaweka katika kapu moja yanatengana yenyewe.

Kundi la kwanza linalalamikia kufumua. Hawa ni wale waliompenda Superman wa Snyder na Cavill, na ili tuwaelewe lazima turudi nyuma kidogo. Mwezi Mei 2017 Snyder alijitoa katika kuimalizia filamu ya Justice League baada ya msiba wa binti yake, na kazi ikamaliziwa na Joss Whedon. Filamu iliyotoka Novemba mwaka huo, yenye muda wa saa mbili, haikuwa ile waliyoitazamia. Kwa zaidi ya miaka miwili wapenzi walidai waonyeshwe uhariri wa Snyder mwenyewe. Mwaka 2019, wakati wa mkutano mkubwa wa wapenzi wa vibonzo mjini San Diego, walilipia bango la barabarani na ndege iliyovuta bango angani. Walichanga pia fedha kwa ajili ya shirika la Marekani linaloshughulikia kuzuia watu kujiua, jambo ambalo wapinzani wao hawalitaji sana. Tarehe 18 Machi 2021 studio iliwapa walichokitaka: filamu ya muda wa saa nne. Halafu mwezi Oktoba 2022 Cavill alitangaza kwamba amerudi kuwa Superman, na kabla ya mwezi Desemba kwisha akatangaza tena kwamba hatarudi, kwa sababu Gunn na mwenzake Peter Safran walikuwa wamekabidhiwa uongozi mpya nao wanataka shujaa aliye kijana zaidi.

Mtu aliyepitia yote hayo akisema haitaki filamu ya 2025, hasemi kwamba ni mbaya. Wengi wao walisema hivyo kabla haijapigwa, na watu wakawacheka: unakataaje usichokiona? Jibu ni kwamba hawakukataa walichokuwa hawajakiona, bali walikililia walichokiona kikifumuliwa kabla hakijafika mwisho. Kumjibu mtu wa namna hiyo, "Nenda kaitazame kwanza," ni sawa na kumwambia aliyevunjiwa nyumba aende akaitazame rangi ya ile inayojengwa. Haimaanishi kwamba nyumba mpya ni mbovu. Imejibiwa hoja ambayo hakuitoa.

Tunapowaacha njiani ni pale wanapodai kwamba Superman wao ndiye wa asili. Neno "asili" katika mabishano haya limetumika vibaya na pande zote, na hapa yafaa tukae kidogo.

Katika vibonzo vya mwaka 1938 Superman haruki angani. Hupiga mruko mrefu kama panzi, kisha hutua. Kuruka kwake kulikuja baadaye, katika miaka ya 1940. Lile jiwe la kijani linalomnyong'onyesha, ambalo kila mtoto wa Marekani analijua, halikutoka kwa Siegel na Shuster katika kitabu chochote kilichochapishwa wakati huo. Liliingia kwa mchezo wa redio mwaka 1943. Wazazi wake waliomlea, Jonathan na Martha Kent, walikuwa wamekufa katika vibonzo kwa miaka mingi, mpaka John Byrne alipousuka upya mfululizo huo mwaka 1986 na kuwaacha hai. Katika filamu ya 1978 Jonathan hufa kwa ugonjwa wa moyo. Katika ile ya 2013 huchukuliwa na kimbunga, naye humwashiria mwanawe asimwokoe, ili siri yake isijulikane. Katika ile ya 2025 yu hai, mzee wa shambani mwenye machozi ya karibu. Ni yupi katika hao aliye wa asili? Waliokasirishwa mwaka 2013 kwa sababu Superman alimvunja shingo adui yake Zod walisema kwamba Superman haui. Mwandishi wa vibonzo Mark Waid alikuwa miongoni mwa walioeleza huzuni yao hadharani. Wakajibiwa kwamba katika vibonzo vya mwaka 1988, vya Byrne huyohuyo, Superman alimwua Zod na wenziwe wawili. Jibu hilo ni la kweli, lakini halikumridhisha mtu, kwa sababu haikuwa hoja ya ushahidi tangu hapo.

Kwa hiyo tungependa neno asili liachiwe mambo ya tarehe peke yake, yaani kilichotangulia kuandikwa. Kwa kile ambacho wapenzi wanakitetea twapendekeza "shina la kisa": sehemu ambayo ikiondolewa, wasikilizaji watasema kwamba huyu si yule. Shina halipimwi kwa umri bali kwa kilio cha wasikilizaji. Waswahili hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Visa vya Fumo Liyongo vimesimuliwa kwa namna nyingi, na ule utenzi wa Muhamadi Kijuma wa mwaka 1913 ni mmoja tu kati ya masimulizi yake. Msimulizi anaweza kuongeza karamu na kupunguza safari. Lakini amwondoe yule mwana aliyetumwa kumwua babaye, au aiondoe sindano ya shaba na kitovu, aone kama watu wataendelea kukaa mkekani. Hakuna atakayewaita watoto kwa sababu wamenung'unika.

Hapo ndipo tunapolifikia kundi la pili, ambalo halilalamikii kufumua bali kusuka. Wengi wao waliikubali filamu ya 2025 kwa moyo mweupe, wakacheka na mbwa Krypto, wakafurahi kumwona shujaa akimwokoa kindi katikati ya vita. Kilichowachoma ni uzi mmoja. Tangu filamu ya 1978, ambamo Marlon Brando alikuwa Jor-El, watazamaji walijua kwamba wazazi wa kuzaliwa walimtuma mtoto wao duniani pamoja na maneno ya hekima, ili awe mwanga kwa wanadamu. Katika filamu ya Gunn ujumbe huo umeharibika nusu yake, na Superman ameishi kwa ile nusu njema. Adui yake, Lex Luthor, anaipata nusu iliyobaki na kuitangaza kwa dunia nzima: wazazi walimwagiza awatawale wanadamu na ajitwalie wake wengi ili kuendeleza kizazi chake. Watazamaji wengi walingoja mpaka mwisho waambiwe kwamba ni uzushi wa Luthor. Hawakuambiwa.

Kwa maoni yetu hapa ndipo kazi ya Gunn inapostahili kuitwa msuko mpya kwa haki. Sehemu nyingi za filamu ni za kupanga tu. Ule mwanzo wake, kwa mfano, ambao kwa maandishi machache unatutoa karne tatu nyuma hadi dakika tatu zilizopita na kutuonyesha shujaa akianguka thelujini baada ya kushindwa kwa mara ya kwanza, ni wa ufundi mwema; unamheshimu mtazamaji kwa kutomsimulia tena sayari iliyopasuka. Lakini haugusi shina. Ujumbe wa wazazi unaligusa. Gunn ameutoa wema wa Superman katika damu na kuutia katika malezi, akamfanya Jonathan Kent amweleze mwanawe kwamba mtu ni yale anayoyachagua. Msemo wetu kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo ungeweza kuwekwa juu ya mlango wa filamu hii. Na wale waliokasirika wanao msemo wao pia, kwamba damu ni nzito kuliko maji. Huo ni mgogoro wa kweli baina ya watu wazima. Aliyeeleza kwamba mashabiki hawakuridhika na Jor-El hakueleza kitu.

Sisi twauona uamuzi wa Gunn kuwa sahihi kwa kisa, ila hakuupa nafasi ya kutosha. Filamu imejaa watu: kuna Guy Gardner na pete yake, kuna Hawkgirl, kuna Mister Terrific, ambaye kwa kweli anapendeza kuliko nafasi aliyopewa, kuna nchi mbili za kubuniwa zinazopigana, kuna ulimwengu wa mfukoni wenye magereza. Mtu aliyegundua kwamba wazazi wake walikuwa na nia mbaya anahitaji kukaa kimya walau kidogo, nasi tukae naye. Anapewa dakika chache shambani, kisha kelele zinarudi. Suka lenye nyuzi nyingi mno huwa zito kichwani.

Kabla hatujaendelea, neno moja juu ya nguo. Picha ya vazi la Superman ilipotolewa Mei 2024, mabishano makali yalizuka juu ya kile kipande chekundu kinachovaliwa juu ya suruali yake ya bluu, ambacho filamu ya 2013 ilikiacha na Gunn akakirudisha. Kwa Kiswahili tumesikia kikiitwa chupi, na kwa hakika ndiyo sababu ubishi wote ukaonekana upuuzi. Si chupi. Vazi hilo lilitokana na mavazi ya watu wenye nguvu wa sarakasi na wapiga mieleka wa miaka ya 1930, nao hawakuwa wakicheza wamevaa nguo za ndani. Neno letu ni bukta, ambalo kila mchezaji wa mpira analijua. Gunn ameeleza kwamba Corenswet ndiye aliyemshawishi kwa hoja kwamba kiumbe mwenye nguvu za kutisha, akitaka watoto wasimwogope, atavaa vazi la kuchekesha. Hoja hiyo inaeleweka kwa bukta, kwa chupi haieleweki.

Tumekuwa tukisema "wapenzi" tangu mwanzo, na huenda msomaji amejiuliza kwa nini tumeliepuka neno shabiki lililozoeleka zaidi. Hatutarajii kulipiga marufuku. Lakini shabiki ni mtu wa uwanjani: lazima kuwe na timu mbili, na furaha yake moja ni huzuni ya mwenziwe. Neno hilo likihamishiwa kwenye filamu huhama na uwanja wake wote. Ndiyo maana mabishano ya mwaka 2025 mara nyingi yaliishia katika kulinganisha mapato kana kwamba ni mabao, ingawa filamu zote mbili, ya 2013 na ya 2025, zilipita dola milioni 600 duniani. Fedha hizo hazisemi lolote juu ya Jor-El. Mpenzi, kwa upande mwingine, ni neno la muziki na la tamthilia, na linafaa kwa sababu wagomvi wote hawa wanampenda Superman yuleyule. Kwa wale walioendesha kampeni ya uhariri wa Snyder, neno zuri zaidi ni mkereketwa, kwa kuwa limezoea kubeba maana ya mtu anayeacha shughuli zake kwa ajili ya jambo analoliamini. Mnazi tungelihifadhi kwa yule ambaye hahitaji kuona filamu wala kusikia hoja. Yupo, katika pande zote, lakini ni mmoja kati ya wengi, na si haki kuwaita wote kwa jina lake.

Na shujaa mwenyewe tumwiteje? Katika vibanda vya video jibu ni rahisi: yeye ni steringi, na kila mtu anajua kwamba steringi hafi. Tunalipenda neno hilo kwa uchangamfu wake, lakini linataja nafasi ya mchezaji katika filamu, halitaji aina ya mtu. "Shujaa" peke yake linatupa shida ya namna nyingine. Shujaa katika lugha yetu ni aliyeijua hatari akaikabili; mashujaa tunaowakumbuka kila mwaka wengi wao walikufa. Asiyepenywa na risasi anaonyesha ushujaa gani kwa kusimama mbele ya bunduki? Swali hili si la istilahi tu. Waandishi wa Superman wamehangaika nalo tangu mwanzo, na jiwe lile la kijani ni jibu lao mojawapo. Gunn kumwanzisha shujaa wake akiwa ameshindwa, mifupa imevunjika, ni jingine. Kwa watu wa namna hii twapendekeza jagina, wingi majagina, neno ambalo halitumiki sana siku hizi, kwa maana ya aliyewapita wengine kwa uwezo. Tukilitumia hivyo tutaweza kusema jambo ambalo kwa sasa hatuwezi kulisema kwa ufupi: kwamba Superman ni jagina kwa kuzaliwa, na kwamba kila filamu yake inapaswa kututhibitishia upya kuwa ni shujaa pia.

Limebaki neno gumu kuliko yote. Siku chache kabla ya filamu kuonyeshwa, Gunn alilieleza gazeti la The Times la London kwamba kisa cha Superman ni kisa cha Marekani, cha mtu aliyetoka kwingine akahamia humo. Baadhi ya watangazaji na wachambuzi wa siasa nchini mwake walikasirika, wengine wakaapa kutoitazama, na wapenzi wa siku nyingi wakashangaa, kwani waundaji wawili wa 1938 walikuwa wana wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya. Kwa Kiswahili mabishano haya yanataka uangalifu, maana tunayo maneno mengi zaidi. Mhamiaji huhama kwa hiari yake. Mlowezi huja kukaa, na historia imelitia neno hilo uchungu. Mtoto mchanga aliyetiwa chomboni kwa sababu kwao kunaangamia ni mkimbizi, na kwa kina Kent ni mwana wa kulea. Gunn alisema mhamiaji kwa sababu ndilo neno linalowagusa Wamarekani. Mfasiri alibakize hivyo katika maneno ya Gunn, lakini mhakiki anapozungumza kwa kinywa chake mwenyewe anayo nafasi ya kuwa sahihi zaidi.

Luthor, kwa upande wake, hutumia neno ambalo kwa Kiingereza humaanisha mtu wa nchi nyingine na pia kiumbe wa sayari nyingine, na uzito wote wa chuki yake umo katika maana hizo mbili kukaa pamoja. "Kiumbe wa anga" humtoa binadamu wa nchi nyingine nje ya mabishano; "raia wa kigeni" humtoa kiumbe. Twaona kwamba "mgeni" lingetosha, likitamkwa na mtu asiyekaribisha. Lakini Luthor huenda mbele zaidi, hushikilia kwamba Superman si mtu bali ni kitu, na hapo lugha yetu inamzidi Mwingereza kwa mbali. Mfasiri amwache Luthor aseme "kimefika", "kile kinatudanganya", "kiondoeni". Hahitaji kuongeza tusi lolote. Upatanisho wa ki- utalifanya kazi hiyo katika kila sentensi, na mtazamaji wa Kiswahili atasikia kila mara jinsi mtu anavyonyimwa utu wake. Mwishoni Superman anapomkabili na kumwambia kwamba yeye ni binadamu kama wengine, kwamba huogopa na hukosea, Luthor hasalimu amri, na kwa hiyo mfasiri asimbadilishie sarufi. Muda mfupi baadaye Krypto anaingia na kumtupatupa Luthor huku na huku, naye Krypto, ambaye ni mbwa, kwa Kiswahili ameingia, hakikuingia.